Uji wa vitu tisa, na zinki bado haimfikii mtoto

Siku ya kliniki ng'ambo ya Msangamkuu, mama mmoja alinifungulia kopo lake la unga wa lishe ninuse. Karanga zilizokaangwa, ufuta, korosho: unga ulikuwa unanukia. Nikamuuliza, "Humu umetia nini, mama?" Akahesabu kwa vidole: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, korosho, ufuta. Vitu tisa. Binti yake alikuwa na miezi tisa, uji anapewa mara tatu kwa siku na kikombe anamaliza. Ila kwenye kadi mstari wa uzito ulikuwa umelala tangu alipotimiza miezi saba, na kuhara kulikuwa kumemrudia mara ya tatu. "Sasa daktari, nimpe nini tena?"

Mimi si daktari, ni afisa lishe, lakini swali lile ni langu. Nalijibu hapa kwa kirefu kwa sababu nalisikia kila wiki, Mtwara na Lindi, na kwa sababu sehemu kubwa ya jibu ni zinki, madini ambayo kwenye kliniki zetu tunayataja mtoto akiharisha tu.

Mtoto hukua kwa seli kugawanyika, na seli haigawanyiki bila zinki. Utando wa ndani wa utumbo, ambao hujifanya upya kila baada ya siku chache, unaihitaji, na kinga ya mwili vilevile. Chuma mwili hukiweka akiba kwenye ini, lakini zinki haina ghala, lazima ije na chakula kila siku. Ikipungua, mtoto hukosa hamu ya kula, huugua ovyo, huharisha, na katika kule kuhara zinki nyingine hutoka. Wala usitegemee kipimo cha damu, kwani kiwango chake hushuka hata kwa maambukizi ya kawaida. Sisi tunaangalia kadi, urefu, na sahani ya mtoto.

Miezi sita ya kwanza usihangaike: maziwa ya mama pekee yanatosha. Maziwa ya siku za mwanzo yana zinki nyingi sana, kisha inashuka mwezi hadi mwezi. Kushuka huko ni maumbile, mama hana kosa, na hata ale vizuri namna gani haitapanda kwa kiasi cha maana. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takriban miligramu 3 kwa siku, na wakati huo maziwa yanampa kama nusu miligramu. Aendelee kunyonya, hilo halina mjadala, ila sehemu kubwa ya zinki yake sasa lazima itoke kwenye sahani.

Basi turudi kwenye lile kopo. Ukisoma jedwali la vyakula utafurahi: gramu 100 za ufuta zina zaidi ya miligramu 7 za zinki, korosho karibu 6. Mkoa unaolima korosho na ufuta ungekosaje zinki? Tatizo ni kwamba mbegu huhifadhi fosforasi yake kwa umbo la faiteti, akiba ya kuotea. Faiteti ikifika tumboni hushikana na zinki, na utumbo unashindwa kuifyonza. Inatoka na choo. Nafaka isiyokobolewa, maharage, mbaazi, karanga, vyote vinayo. Kwa hiyo ukirundika mbegu tisa kwenye kopo moja, umerundika na faiteti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Ananda Prasad na wenzake walieleza habari za vijana wa Iran, na baadaye Misri, waliodumaa wakila zaidi mkate wa ngano. Wale wa Misri walipopewa zinki walianza kurefuka. Mikate walikula, ila zinki ya ngano ilikuwa imefungwa na faiteti.

Nami naamini unga wa vitu vingi tumeusifia kupita kiasi. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha. Uji wa makopa (mihogo iliyokaushwa) nao, ambao huku kwetu mtoto hupewa mapema, zinki yake ni kidogo mno tangu shambani.

Nikamuuliza yule mama anafanya kazi gani. Akasema maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yakitoka huenda mwambani kuokota chaza na kuchokoa pweza, anauza. Na mtoto je? "Hana meno, atakula vipi pweza?" Hapo nikakaa kitako. Chaza ana zinki nyingi kuliko chakula kingine chochote tunachokifahamu, na kaa anayo ya kutosha. Nyama ya chaza mmoja au wawili, iliyochemshwa ikaiva kabisa, ikapondwa kwenye kinu mpaka ikawa kama ugoro, ikakorogwa kwenye uji, haihitaji jino hata moja. Wasiokotwe karibu na mifereji ya maji machafu, wala mtoto asipewe wabichi. Siku ya kwanza mwonjeshe kidogo sana. Akivimba midomo au akitoka vipele mwilini, acha na mwahishe kituo cha afya.

Wasioishi pwani wana nyama. Vijiko viwili vya chakula vya nyama ya ng'ombe au mbuzi iliyosagwa vinakaribia nusu ya mahitaji ya siku. Ini ni zuri, ila mara moja kwa wiki, maana vitamini A yake ni nyingi. Kiini cha yai kinasaidia. Minofu ya samaki kama changu ina zinki kidogo kuliko watu wanavyodhani, dagaa anayesagwa mzima ni afadhali. Bibi mmoja wa Newala aliwahi kuninong'oneza, "Mwanangu, na samaki nchanga je?" Ndiyo panya wa shambani, kwa lugha ya huku. Nikamjibu kwa sauti ili wenzake wasikie: nao ni nyama, bibi, waiveshe vizuri, mponde, mjukuu ale.

Nyama ikikosekana, ipunguze faiteti. Mbaazi na maharage loweka usiku kucha, maji yake mwaga. Mtama uoteshe kimea siku mbili tatu, ukaushe vizuri juani, usugue machipukizi na mizizi vyote vitoke, kwa sababu chipukizi la mtama lina sumu, ndipo usage. Karanga zenye ukungu tupa, zina sumukuvu. Na kama unanunua unga wa kiwandani, soma pakiti: tangu 2011 sheria inavitaka viwanda vikubwa kuongeza zinki na chuma kwenye unga wa ngano na mahindi. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Mtoto akiharisha, mwongozo wa WHO na UNICEF wa mwaka 2004 ni ORS (chumvi za kuchanganya na maji ya kunywa) pamoja na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na kuendelea, 10 kwa mdogo zaidi, siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko kwa maziwa ya mama au maji safi. Nilipomuuliza yule mama, alifungua pindo la kanga akatoa karatasi ya vidonge. Saba vilikuwa bado. Kuhara kulikatika siku ya tatu, akaona havina kazi tena, na kumbe siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asiharishe tena miezi miwili mitatu ijayo. Kwa kuwa kuhara kumerudi, nilimpa dozi mpya kamili, na chumvi za ORS.

Nilipokuwa naelekea kivukoni aliniita. Bamvua ni Alhamisi, akasema, na safari hii chaza wa kwanza hawauzi.