Gemu ya Zamani Huishi kwa Saa Yake

Kazi yangu ni kuhamisha gemu za zamani kutoka kwenye mashine zilizotengenezewa na kuziwezesha kuchezwa kwenye mashine za leo. Kwa kuwa miaka hii watu wengi wanarudia gemu walizozimaliza utotoni huku wakiendelea kucheza mpya zilizotoka juzi, swali moja hunifikia kwa sura nyingi: kwa nini gemu ileile, yenye picha safi kuliko ya mwanzo, mkononi inakuwa kana kwamba si yenyewe? Wengi hujilaumu, wakidhani vidole vyao vimekuwa vizito kwa umri, na mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, kilichobadilika ni muda. Gemu nyingi zina kanuni ambazo hakuna mtu aliyekaa akaziandika. Zilizaliwa na udhaifu wa kichakataji, tabia ya runinga, au uhaba wa kumbukumbu, na mhamishaji asiyezijua huangusha nguzo akidhani anapangusa vumbi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Space Invaders, gemu ya Tomohiro Nishikado iliyotolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978. Skrini huanza na wavamizi 55, safu tano zenye wavamizi 11 kila moja, na programu humsogeza mvamizi mmoja tu katika kila fremu, yaani kila mara skrini inapochorwa upya, jambo linalotokea takriban mara 60 kwa sekunde. Wakiwa wote hai, kundi huchukua karibu sekunde nzima kukamilisha hatua moja. Kadiri unavyowaua ndivyo zamu ya kila aliyebaki inavyowahi kufika, hata yule wa mwisho anakimbia kila fremu kama aliyechomwa na kaa la moto. Nishikado aliona kwamba kasi inaongezeka kwa sababu mashine imepunguziwa mzigo, akaiacha ilivyo, na hofu yote ya gemu ile imekaa hapo. Leo simu yoyote inaweza kuwasogeza wavamizi 55 mara moja bila kutoa jasho. Kwa hiyo anayeiandika upya hulazimika kuubuni kwa makusudi udhaifu ambao zamani ulipatikana bure.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi hii, na ndipo nilipoumia mwanzoni. Nilikabidhiwa gemu ya kurukaruka iliyokuwa ikienda kwa fremu 30 kwa sekunde, nikaombwa iende kwa 60. Nilibadilisha hesabu zote zifuate sekunde badala ya fremu, nikajipongeza, nikaituma kwa wajaribu. Siku ya pili wakaniandikia kwamba katika ngazi ya nne kuna ukingo usiofikika tena. Nilikagua nguvu ya mruko na mvutano wa ardhi, vyote vilikuwa sawa na vya mwanzo. Tatizo lilikuwa mpangilio: katika kila fremu programu ile ilimsogeza kwanza mhusika, ndipo ikapunguza kasi yake ya kupanda, na kwa hiyo kila hatua ilimpa ziada kidogo juu ya kimo ambacho hesabu kamili ya fizikia ingempa. Hatua zilipokuwa fupi mara mbili, ziada hiyo ilipungua kwa nusu, na mbuni wa asili alikuwa ameupima ukingo ule kwa jicho, akiitegemea ziada hiyo bila kujua kwamba ipo. Niliirudisha fizikia kwenye hatua 30 kwa sekunde, kisha nikaiacha picha peke yake iende kwa 60 kwa kukadiria mahali mhusika alipo kati ya hatua moja na nyingine. Tangu siku hiyo sigusi saa ya gemu kabla sijaruka katika kila ukingo wake.

Makosa ya namna hii hayamkwepi mtu yeyote, hata kwenye gemu kubwa. Toleo la kompyuta la Dark Souls II, lililotoka mwaka 2014, lilihesabu uchakavu wa silaha kwa fremu, hivyo aliyecheza kwa fremu 60 upanga wake ulichakaa takriban mara mbili ya kasi ya yule aliyecheza kwa 30, na marekebisho yalikuja mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kulikuwa na mgawanyiko mkubwa zaidi ambao wachezaji wengi waliukulia bila kuufahamu. Runinga za Japani na Marekani zilichora picha karibu mara 60 kwa sekunde, ilhali zile za sehemu kubwa ya Ulaya zilichora mara 50. Na kwa kuwa gemu nyingi zilifungwa kwenye mpigo huo, zilipovuka bila kurekebishwa zilipungua kasi kwa karibu moja ya sita. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, gemu inayojivunia mbio kuliko kitu kingine chochote, ilikuwa taratibu kwa watoto wa Ulaya, na muziki wake vilevile. Mwaka 2018 mashine ndogo ya PlayStation Classic ilipotolewa, baadhi ya gemu zake, Tekken 3 ikiwamo, zilikuwa ni matoleo ya mpigo wa 50, na waliokulia mpigo wa 60 waling'amua mara moja kwa vidole kabla hata ya kujua kilichotokea. Ninasisitiza neno hilo, vidole, kwa sababu sijawahi kuona jicho linalotambua tofauti ya moja ya sita kwa uhakika ambao kidole gumba hutambua.

Runinga nayo ilikuwa sehemu ya gemu. Zile za zamani, zenye kisogo kirefu, zilichora mstari kwa mstari kadiri ishara ilivyofika, bila kuihifadhi kwanza wala kuichakata, hivyo kati ya kubonyeza kitufe na kuona tokeo hapakuwa na ucheleweshaji wa skrini wa kuzungumziwa. Skrini bapa za leo mara nyingi huipokea picha nzima, huipanua, huipamba, ndipo huionyesha, na shughuli hiyo yaweza kumeza milisekunde kadhaa au makumi ya milisekunde. Fremu moja kwa kasi ya 60 ni milisekunde 16.7 tu. Ukikosa fremu tatu katika gemu iliyobuniwa kwa mwitikio wa papo hapo, utafia mahali ulipokuwa ukipita ukiwa mtoto, na ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayelalamika ni kuwasha ile hali ya gemu iliyomo kwenye mipangilio ya runinga yake kabla hajailaumu gemu yenyewe. Wachezaji wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya mwaka 2001, wamelielewa jambo hili kiasi kwamba kwa miaka mingi wamebeba runinga nzito za kisogo kwenda nazo mashindanoni. Mashabiki wa gemu hiyo ndio walioiletea, mwaka 2020, mfumo wa kucheza kwa intaneti uitwao Slippi: badala ya kusubiri amri ya mpinzani ifike, mashine hubashiri atafanya nini, ikikosea hurudi nyuma fremu chache na kuzipiga upya kabla macho hayajagundua.

Katika suala la picha pia kuna siri ya namna hiyo. Maporomoko ya maji katika ile Sonic ya kwanza ni mistari ya wima iliyoachiana nafasi. Waya wa runinga ya zamani uliivuruga mistari hiyo hadi maji yakaonekana kama yanapitisha mwanga, kitu ambacho mashine yenyewe haikuwa na uwezo wa kukichora kirahisi. Kwenye skrini bapa kila pikseli inaonekana safi, na maji yamegeuka pazia la nyuzi. Wengi huuona huo kuwa ubora, nami sikubaliani nao.

Kuhusu ukungu nina mengi ya kusema. Silent Hill ya mwaka 1999 ilijaa ukungu kwa sababu PlayStation haikuweza kuuchora mji wote kwa mbali, na watengenezaji waliugeuza upungufu huo kuwa hofu: huoni hatua kumi mbele, redio inakwaruza, unajua kuna kitu. Mkusanyiko wa matoleo yaliyosafishwa uliotoka mwaka 2012 uliupunguza ukungu katika gemu ya pili, na mahali ambapo mchezaji alipaswa kuona weupe usio na mwisho akaona kingo za mji, pale ambapo wachoraji walikuwa wameacha kuchora kwa kuamini kwamba hapana atakayefika kwa macho. Ilipotengenezwa upya kabisa mwaka 2024, mashine zilikuwa na uwezo wa kuuonyesha mji wote, na watengenezaji wakauweka ukungu mzito kwa hiari yao. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilikumbwa na mkasa uleule. Katika gemu ya awali utusitusi wa mbali uliufanya mkoa wake wenye miji mitatu uonekane nchi nzima. Toleo la mwaka 2021 lilipouondoa, aliyepanda mlimani aliiona miji ikiwa jirani kama vyumba vya nyumba moja, akatambua kwamba safari zake ndefu za zamani zilikuwa za kuzunguka tu. Mwaka 2024 likatolewa sasisho lenye chaguo la mwanga unaofanana na wa awali. Hakuna barabara iliyokuwa imefupishwa hata kwa hatua moja, lakini safari ilikuwa imefupishwa.

Udhibiti wa mhusika unahitaji uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu hapo malalamiko ya wachezaji wapya yana haki. Resident Evil ya mwaka 1996 humwendesha mhusika kama kifaru cha vita: kitufe cha juu humpeleka mbele kwa kufuata uso wake, popote kamera ilipo. Ilikuwa busara, maana kamera zile hazisogei bali hubadilishana ghafla, na kama mwelekeo ungefuata skrini mchezaji angejikuta akirudi alikotoka kila kamera inapobadilika. Toleo lililosafishwa la mwaka 2015 liliongeza udhibiti wa kisasa, na kwa huo mhusika huzunguka papo hapo na kuwapita wafu wanaotembea kwa wepesi ambao vyumba vile vyembamba havikupimwa kwa ajili yake. Resident Evil 2 iliyotengenezwa upya mwaka 2019 ilichagua njia yenye gharama zaidi: kamera ikaletwa nyuma ya bega, na kwa kuwa sasa mchezaji analenga shabaha kwa uhuru, wafu wakafanywa wagumu wa kufa na risasi zikawa za kuhesabu. Walibadilisha karibu kila kitu ili wasipoteze ule wasiwasi wa kujiuliza kama risasi zilizobaki zitatosha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora ya aina yake hadi leo.

Njia iliyo kinyume ni ya The Elder Scrolls IV: Oblivion, ya mwaka 2006, iliyorudi kwa sura mpya mwezi Aprili 2025. Ndani yake injini ya zamani, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, bado inafanya kazi, ikiendesha fizikia, mazungumzo na ratiba za wanakijiji, na injini mpya ya Unreal Engine 5 imewekwa juu yake kuchora tu. Ndiyo maana wachezaji waliikuta ikiwa na vichekesho vyake vyote, wanakijiji wanaokatishana maneno na vyombo vinavyoruka mezani ukivigusa, chini ya nuru ambayo mwaka 2006 isingewezekana. Mimi ni mpenzi wa njia hii. Inamwacha mhamishaji alale usingizi.

Kuna jambo moja linalotatiza hukumu zote hizi, nalo ni kwamba kumbukumbu ya mchezaji si shahidi wa kuaminika. World of Warcraft Classic, iliyorudisha gemu ya mtandaoni ilivyokuwa zamani, ilipokuwa ikijaribiwa mwaka 2019, ikiwa imejengwa juu ya takwimu za toleo la 1.12 la mwaka 2006, wajaribu waliripoti kasoro nyingi ambazo hazikuwa kasoro, hata Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ikalazimika kuchapisha orodha ya mambo yaliyo sahihi ingawa watu waliyasahau, kwa mfano kwamba watu wa kabila la Tauren hufikia mbali kidogo zaidi wanapopiga. Kila ninapopokea ripoti isemayo "zamani haikuwa hivi", hufungua kwanza katriji ya asili na kupima, na matokeo hugawanyika karibu sawasawa kati ya kosa langu na ndoto ya mwandishi wa ripoti.

Nikimaliza kazi, ninachocheza mwenyewe ni Tetris ya mwaka 1989 ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, ambayo watu wameirudia kwa bidii isiyo ya kawaida bila mtu kugusa saa yake. Kuanzia ngazi ya 29 vipande hushuka mstari mmoja kila fremu, na kwa kuwa ukishikilia kitufe kipande husogea pembeni mara moja tu kila fremu sita, kwa miaka mingi ngazi hiyo ilihesabiwa kuwa ukuta. Kisha wachezaji wakaacha kushikilia na kuanza kugonga kitufe kwa mfululizo, na baadaye wakabuni mtindo wa kugonga mgongo wa kidhibiti kwa vidole vinavyofuatana, ukuta ukabomoka. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 alifika ngazi ya 157 na gemu ikaganda: hesabu ya alama ilikuwa imerefuka hadi kichakataji hakikuimaliza kabla ya fremu iliyofuata kubisha hodi. Mwaka uliofuata mchezaji mwingine, akitumia toleo lililoondolewa mgando huo, aliipita ngazi ya 255, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambazo baiti moja, kipande kidogo cha kumbukumbu ya mashine, huweza kubeba. Kaunta ikarudi sifuri, na vipande vikaanza tena kushuka taratibu.