Trilojia ni nini, na je, filamu ya kubuni ya kisayansi ipangwe kuwa tatu tangu mwanzo?

Trilojia ni kazi tatu za sanaa, ziwe michezo ya jukwaani, riwaya au filamu, ambazo kila moja ina mwanzo na mwisho wake, na zikiwekwa pamoja zinakamilisha jambo moja kubwa zaidi. Masharti ni hayo mawili na yote ni ya lazima. Likikosekana la kwanza, mtu amekata filamu moja vipande vitatu. Likikosekana la pili, ana filamu tatu zenye wahusika walewale, basi.

Watazamaji wa Arusha na Moshi wanaijua tofauti hii vizuri kwa sababu wameilipia. Miaka ile filamu za Bongo zilipokuwa zikiuzwa kwa DVD, hadithi moja ilikatwa katikati: steringi amefungwa kamba, adui anacheka, majina yanapanda, na mtu anarudi dukani kutafuta sehemu ya pili. Hiyo ilikuwa filamu moja iliyouzwa mara mbili. Upande mwingine yupo Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, Kisima cha Giningi kikatoka 1968, na vingine vikafuata. Mpelelezi ni yuleyule na kiko chake, lakini kila kitabu kina kesi yake na msomaji anaweza kuanzia popote. Huo ni mfululizo. Trilojia iko kati ya hayo mawili: ukianzia ya tatu utapotea, lakini ukiishia ya kwanza hutajiona umeibiwa.

Umbo lenyewe ni la zamani sana. Kule Athens ya Ugiriki ya kale, watunzi wa tanzia, yaani michezo ya majonzi, walioshindana katika sikukuu za mungu Dionysus walitakiwa kuleta tanzia tatu kwa pamoja, na mchezo wa nne wa kuchangamsha. Kati ya trilojia zote za wakati huo, moja tu imetufikia ikiwa nzima, Oresteia ya Aeschylus, iliyochezwa mwaka 458 kabla ya Kristo. Katika mchezo wa kwanza mfalme anarudi kutoka vitani na kuuawa na mkewe. Katika wa pili mtoto wao wa kiume analipa kisasi kwa kumuua mama yake. Katika wa tatu kijana huyo anasimama mbele ya mahakama na mlolongo wa damu unakoma. Kila mchezo una tukio lake linalokamilika, kisha tukio hilo linazaa swali ambalo halikuwapo awali. Mauaji yanazaa swali la kisasi, kisasi kinazaa swali la hukumu. Mimi sijaona maelezo bora ya trilojia kuliko mfano huo, na una karibu miaka 2,500.

Sasa tuje kwenye swali ambalo vijana wanaoandika filamu hapa kwetu, kuanzia Sakina ya Arusha mpaka Kiboriloni ya Moshi, hawaachi kuliuliza: "Kaka, hii stori yangu ni kubwa, niifanye tatu?" Mara nyingi stori yenyewe ni ya kisayansi, na ipo sababu. Anayeandika filamu ya mapenzi hahitaji kumweleza mtazamaji daladala ni nini. Anayeandika filamu ya kisayansi anabuni dunia nzima: nani anatawala, mashine gani zipo, kitu gani kinawezekana na kipi hakiwezekani. Akishabuni yote hayo anaona dakika 90 hazimtoshi, na ni kweli hazimtoshi. Ila ukubwa wa dunia ni jambo moja na ukubwa wa hadithi ni jambo lingine. Wengi wana dunia ya filamu tatu na hadithi ya filamu moja.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Mtu anataka kuandika juu ya Moshi ya mwaka 2090, barafu ya Kilimanjaro imekwisha na mifongo ya Wachaga, ile mifereji yao ya asili ya maji, imekauka. Wazo ni zuri, ila sayansi yake inahitaji kurekebishwa kabla kamera haijawashwa. Barafu ya kileleni kweli imepungua mno, zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, lakini sehemu kubwa ya maji yanayoshuka mlimani hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu, wala si barafu. Mtazamaji aliyekulia Kibosho au Marangu anaweza kulijua hilo, na akikukamata hapo hatakuamini tena. Kwa hiyo ni msitu ndio uondoke. Moto wa Oktoba 2020 uliowaka mlimani kwa siku kadhaa unatosha kumpa mwandishi picha ya kuanzia.

Basi, msitu umeungua na maji yanauzwa kwa alama ya kidole. Msichana mmoja wa Kibosho anasikia usiku mfongo uliokufa ukitiririka. Mwandishi mwenye papara ataigawa hivi: filamu ya kwanza anausikia, ya pili anautafuta, ya tatu anaufungulia watu. Hiyo ni filamu moja iliyovutwa, na hakuna anayeweza kukaa saa nne akisubiri msichana afike kwenye chanzo cha maji. Mwandishi mwenye trilojia kweli atamfikisha kwenye chanzo mwisho wa filamu ya kwanza. Maji yanatoka wapi? Tumejibiwa, tumeridhika, tunaweza kwenda nyumbani. Lakini maji yakishapatikana linazuka swali ambalo jana halikuwapo: nani atayagawa, na ukoo gani utakunywa kwanza? Zamani mfongo ulikuwa na wenyewe, na ulikuwa na siku ambazo kila mtu alijua ni zamu ya nani. Msichana yule sasa anageuka mwenye mamlaka, na filamu ya pili inamhoji yeye. Ya tatu inahoji kitu kigumu zaidi, kama kizazi kimoja kinaweza kukubali kulala na kiu ili msitu urudi kwa wajukuu. Hapo kuna maswali matatu tofauti, na kila moja limezaliwa na jibu la lililotangulia. Ukiweza kuyaandika maswali yako matatu kwa namna hiyo, endelea. Ukishindwa, andika filamu moja nzuri.

Historia ya filamu zenyewe inaonyesha kwamba trilojia nyingi tunazozipenda hazikupangwa kikamilifu kama tunavyodhani. Star Wars ya George Lucas ilipotoka mwaka 1977 haikuitwa sehemu ya nne. Maneno hayo yaliongezwa iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1981. Lucas alikuwa na hadithi ndefu kuliko alivyoweza kutengeneza, akachukua kipande kinachoweza kusimama peke yake. Kituo kikubwa cha adui kinalipuliwa, mashujaa wanavishwa nishani, filamu imekwisha. Kilichoachwa wazi ni kidogo tu: adui Darth Vader ametoroka akiwa hai, na bwana wake, Mfalme Mkuu, ametajwa bila kuonekana. Na ile siri kubwa ambayo kila mtu anaikumbuka, kwamba Vader ndiye baba yake Luke, yule kijana shujaa, iliingia wakati wa kuandika filamu ya pili iliyotoka mwaka 1980. Katika ya kwanza mzee Obi-Wan anamwambia kijana waziwazi kwamba Vader alimuua baba yake. Ilibidi filamu ya tatu, ya mwaka 1983, imrudishe mzee huyo aeleze kwa nini alisema vile. Mshono unaonekana ukitazama kwa makini, lakini umeshika, kwa sababu filamu ya kwanza haikumdai mtazamaji chochote.

Back to the Future ni hivyohivyo. Ya mwaka 1985 inamalizika kwa gari linaloruka kwenda wakati ujao, na kumbe watengenezaji waliweka mwisho huo kwa kuchangamsha tu. Filamu ilipopata watazamaji wengi wakalazimika kuendelea kutoka palepale, wakamkuta mchumba wa kijana ameshakaa ndani ya gari na hawana kazi ya kumpa. Katika ya pili wanamlaza usingizi mapema. Halafu ya pili na ya tatu zikapigwa kwa mfululizo na kutoka mwaka 1989 na 1990. The Matrix ya mwaka 1999 ilikumbana na tatizo la aina nyingine: Neo anamaliza filamu ya kwanza akiwa ameishinda kanuni ya ile dunia, anaruka angani. Filamu mbili za mwaka 2003 zilianza na shujaa ambaye tayari anaweza karibu kila kitu, na kumtafutia hatari inayomtosha mtu wa namna hiyo ni kazi nzito. Binafsi naona ya kwanza ilikuwa imekamilika mno, na huo si upungufu wake.

Wapo waliopanga na mpango ukawaangukia. Divergent ilitokana na riwaya tatu, na filamu zake zikatoka mwaka 2014, 2015 na 2016. Watayarishaji waliamua kukigawa kitabu cha mwisho kuwa filamu mbili. Ile ya 2016 haikupata watazamaji wa kutosha, na filamu ya nne, iliyopaswa kufunga hadithi, haikutengenezwa kamwe. Waliofuatilia tangu mwanzo waliachwa njiani. Kwa mtazamaji, hakuna dhuluma kubwa kuliko hiyo: umempa mtu saa zako sita, naye hakukupa mwisho.

Na wapo waliopungukiwa na mpango. Zile Star Wars tatu za mwaka 2015, 2017 na 2019 zilianza na fumbo la wazazi wa Rey, msichana ambaye ndiye shujaa wake. Ya pili ikasema walikuwa watu wa kawaida wasio na jina, ya tatu ikasema yeye ni mjukuu wa Mfalme Mkuu yuleyule wa zamani. Kila jibu lingeweza kuwa zuri. Yote mawili katika hadithi moja yanaonyesha kwamba aliyeuliza swali hakuwa na jibu mkononi wakati anauliza.

Nikiiweka mifano hiyo pamoja, jibu langu kwa kijana wa Sakina ni hili: dunia ipange kwa upana wote unaoutaka, na fumbo lolote utakaloliweka kwenye filamu ya kwanza ulijue jibu lake kabla hujaliandika, lakini filamu yenyewe itengeneze kama vile hutapata nyingine. Usimfiche mtazamaji kitu kizuri eti unakitunzia ya pili. Mwongozaji Denis Villeneuve aliigawa riwaya ya Dune, filamu ya kwanza ikaishia takriban katikati ya riwaya mwaka 2021, na ruhusa ya kutengeneza ya pili ilipatikana baada ya ya kwanza kuanza kuonyeshwa. Ya pili ikatoka mwaka 2024. Yeye alikuwa na kitabu maarufu cha mwaka 1965 na kampuni kubwa nyuma yake. Hapa kwetu, mtu anayekusanya fedha kwa ndugu na marafiki, anaazima kamera na kuomba nyumba ya shangazi Njiro ili apigie picha, hana sababu ya kujiingiza kwenye kamari hiyo. Kwa dunia iliyobuniwa vizuri hata filamu fupi inatosha. Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ina dakika kama 20 tu, inasimulia Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, na dunia yake inaonekana kuwa kubwa kuliko filamu nyingi za saa mbili.

Yapo mambo machache ya kivitendo ambayo anayetamani kuendelea baadaye anaweza kuyafanya bila kuidhoofisha filamu ya kwanza. Awe na daftari la kanuni za dunia yake: maji yanauzwaje, umeme unatoka wapi, watu wanasalimianaje. Atunze mavazi na vifaa, kwa sababu shati lililoonekana kwenye filamu ya kwanza halitapatikana tena Soko la Kilombero miaka mitatu baadaye. Afikirie umri wa waigizaji, hasa watoto: msichana wa miaka 12 akirudi baada ya miaka minne ni mtu mwingine kabisa, kwa hiyo ama hadithi iruke miaka, ama zote zipigwe kwa pamoja, na hilo la pili linataka fedha zote ziwe mkononi siku ya kwanza.

La mwisho ni la karatasi, na wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Lucas alipokuwa akikubaliana na studio juu ya filamu ya 1977, alihakikisha anabaki na haki ya kutengeneza za kuendelea, jambo ambalo studio haikuliona kuwa na thamani kubwa wakati ule. Katika biashara ya filamu za Bongo ilikuwa kawaida mtayarishaji kuuza kazi yake moja kwa moja kwa msambazaji, na haki zote zikaenda humo humo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini haki aliyoiuza mwenyewe kwa saini yake imeshaondoka. Kabla ya kusaini, soma kama unachouza ni filamu hii moja au ni pamoja na hadithi, wahusika na dunia uliyoibuni. Kama mkataba hausemi, omba iandikwe sentensi moja inayosema kwamba hadithi, wahusika na haki ya kuendeleza vinabaki kwako, na nakala yenye saini za pande zote ikae nyumbani kwako.