Vita vya Korea: kosa lililofuata ushindi

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, Marekani na Umoja wa Kisovieti ziligawana Korea kwenye latitudo ya 38. Jeshi la Kaskazini liliuvuka mstari huo tarehe 25 Juni 1950, na siku ya nne Seoul ikawa mikononi mwake. Kufikia Agosti, Wakorea wa Kusini na majeshi ya Umoja wa Mataifa walikuwa wamebanwa pembe ya kusini-mashariki, wakiilinda bandari ya Busan.

Mambo yaligeuka Incheon, bandari iliyo karibu na Seoul, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipotua kutoka baharini tarehe 15 Septemba. Pwani ile, maji ya bamvua, yaani maji makuu yajayo mara mbili kwa mwezi, hupanda takriban mita 9, na yakipwa huacha uwanda wa tope ambamo chombo hukwama. Kwa hiyo siku za kutua zilikuwa chache mno katika mwezi. Askari walikiteka kisiwa cha Wolmi alfajiri, maji yakapwa, wakabaki peke yao mchana kutwa. Maji yalipojaa tena jioni, wenzao walifika kwenye ukuta wa mawe wa bandari wakaukwea kwa ngazi walizokuja nazo. Seoul ilikuwa kitovu cha reli na barabara. Ilipokombolewa mwishoni mwa mwezi, jeshi la Kaskazini lililokuwa mbali kusini lilikatiwa chakula na risasi.

Lengo la kuurudisha nyuma uvamizi lilikuwa limetimia. Hata hivyo, Oktoba majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliuvuka mstari kwenda kaskazini, ingawa Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alishaonya kupitia balozi wa India kwamba China ingeingia vitani. Huu, kwa maoni yetu, ndio uamuzi ulioirefusha vita. Wachina walivuka mto Yalu, ulio mpakani mwa China na Korea, kwa maelfu, wakitembea usiku na kujificha mchana ndege zisiwaone. Walishambulia mwishoni mwa Oktoba, kisha wakatoweka milimani, na makamanda wa upande wa pili wakadhani ni wachache. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliendelea kusonga mbele kwa vikosi viwili vilivyotenganishwa na milima, visivyoweza kusaidiana. Pigo kubwa la Wachina lilishuka tarehe 25 Novemba. Januari 1951 Seoul ilianguka tena, ikakombolewa Machi: mji mmoja, kutekwa mara nne ndani ya miezi tisa.

Mazungumzo yalianza Julai 1951. Yalichukua miaka miwili, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya swali la wafungwa: asiyetaka kurudi kwao, alazimishwe? Huku nyuma watu waliendelea kufa wakigombea vilima. Mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa saini Panmunjom tarehe 27 Julai 1953, ukiweka ukanda wa kilomita 4 kati ya pande mbili. Korea Kusini haikusaini.