Uzazi na Saratani ya Matiti: Kuzaa Watoto Wengi Si Kinga Kamili

Kila Oktoba, kampeni za saratani ya matiti zinapoanza, sisi wataalamu wa kliniki huulizwa kwa namna mbalimbali swali lilelile: mama aliyezaa na kunyonyesha ana haja gani ya kupimwa? Swali hilo lina msingi, kwa kuwa uzazi kweli hupunguza hatari ya ugonjwa huu. Hata hivyo, linabeba nusu tu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayowafanya baadhi ya wanawake wenye watoto wachanga kufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Uhusiano huu si ugunduzi wa jana. Mwaka 1713, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya matiti ilikuwa ikionekana zaidi kwa watawa wa kike, ambao hawazai. Mwaka 1926, Janet Lane-Claypon wa Uingereza alilinganisha wanawake 500 wenye ugonjwa huo na wengine 500 wasio nao, akakuta waliougua walikuwa na watoto wachache zaidi. Kipimo kikubwa zaidi kilikuja mwaka 2002, pale takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30 zilipounganishwa: kila uzazi ulihusishwa na kupungua kwa hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, kwa asilimia 4.3 zaidi. Asilimia hizo zisomwe kwa uangalifu. Ni sehemu ya hatari aliyokuwa nayo mwanamke mwenyewe, hivyo mtu hawezi kuzijumlisha mtoto kwa mtoto hadi akajihesabia kwamba hatari imekwisha.

Sababu yake iko ndani ya titi. Seli za titi hukomaa kikamilifu wakati wa mimba na unyonyeshaji, na zikishakomaa hazigeuki kuwa saratani kwa urahisi. Ndiyo maana umri wa uzazi wa kwanza una uzito: anayezaa mara ya kwanza akiwa kijana hupata nafuu kubwa, ilhali anayeanza baada ya miaka 35 anaweza kuwa na hatari sawa au kubwa kidogo kuliko ya ambaye hajazaa. Taarifa hii isitumiwe kamwe kuhalalisha mimba za wasichana wadogo. Madhara ya mimba hizo, yakiwemo fistula na vifo vya uzazi, ni makubwa mno kulinganishwa na nafuu yoyote ya miaka ya uzeeni, na tunasikitika kwamba bado inatulazimu kulisema hili.

Sasa ile nusu isiyosemwa. Kinga inayotokana na kuzaa huchelewa. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliowahusisha wanawake karibu 890,000 ulionyesha kwamba baada ya kujifungua hatari hupanda, hufikia kilele takriban miaka mitano baadaye, kisha hushuka taratibu, na inachukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kugeuka kuwa kinga. Ongezeko lenyewe ni dogo: kufikia umri wa miaka 50, waliougua walikuwa takriban 2.2 katika kila 100 ya waliozaa miaka ya karibuni, na 1.9 katika kila 100 ya wasiozaa. Halipaswi kumtisha mtu asizae. Linatosha, hata hivyo, kuiondoa ile kauli ya mama mwenye uvimbe kwamba "mimi nanyonyesha, hiyo ni maziwa tu." Vilevile, nafuu ya uzazi huonekana hasa katika saratani zinazotegemea homoni. Zile zisizo na vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni), ambazo huonekana zaidi kwa wanawake wa Kiafrika, hazizuiwi na wingi wa watoto, ingawa kunyonyesha kunahusishwa na kuzipunguza.

Mama anayenyonyesha akipata uvimbe, mara nyingi huwa ni maziwa yaliyoganda au maambukizi. Usipokwisha ndani ya wiki mbili, licha ya dawa alizopewa, hapaswi kuongezewa dozi nyingine na kurudishwa nyumbani. Anapaswa kupimwa kwa ultrasaundi na, ikibidi, kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kuchunguzwa maabara. Ultrasaundi haiharibu maziwa. Sindano ya kuchukua kinyama hupigwa baada ya ganzi, haimlazimu mama kumwachisha mtoto, na haisambazi saratani. Hoja ya kusambaza tumeijibu kila mwaka, na tunaomba wanaoieneza wazingatie kwamba bila kipimo hicho hakuna daktari anayeweza kuchagua tiba sahihi.

Wako pia wanaoamini kwamba mimba iliyoharibika au kutolewa huleta saratani ya matiti. Mwaka 2004, tafiti 53 zilichambuliwa kwa pamoja na uhusiano huo haukuonekana. Mwanamke aliyepoteza mimba asibebeshwe lawama hii juu ya majonzi yake.

Kliniki utaulizwa historia ya uzazi, na hapa majibu hukosewa mara kwa mara. Tukiuliza umezaa mara ngapi, wengi hutaja watoto walio hai. Tunahitaji idadi ya mimba zote, zilizofika muda wake ni ngapi, umri wako ulipojifungua mara ya kwanza, na miezi uliyomnyonyesha kila mtoto. Mtoto aliyezaliwa mfu au aliyefariki baadaye anahesabiwa, kwa kuwa titi lilipitia mimba ileile. Tunajua swali hilo linauma, na mhudumu anapaswa kuliuliza faraghani. Eleza pia umri ulipovunja ungo na kama mama, dada au shangazi yako aliugua.

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na kadi yako ya kliniki. Ukipewa rufaa ya hospitali kubwa kama Ocean Road (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) au KCMC (Moshi), beba barua ya rufaa, picha za vipimo na majibu ya maabara kwa maandishi, kwa sababu majibu ya mdomo hulazimu vipimo kurudiwa. Mjamzito asisubiri kujifungua kwanza: upasuaji unawezekana wakati wa ujauzito, na tibakemikali inaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, ilhali mionzi kwa kawaida husubiri mtoto azaliwe.