Mabaka ya mwasho yasiyokwisha: acha kumsaka mchawi jikoni

Mgonjwa wa mabaka sugu anapofika kliniki, mara nyingi ameshajipiga marufuku vyakula vingi. Alianza kwa kuacha dagaa na kamba, yakafuata mayai, karanga, nyanya, nyama ya ng'ombe, hadi akabakiwa na ugali na mchicha. Amekonda, na usiku bado anajikuna mpaka alfajiri. Dawa ya minyoo ameshainywa zaidi ya mara moja, na hakosi jirani aliyemwambia damu yake ni chafu.

Mabaka yakiwa yanatoka na kupotea kwa zaidi ya wiki 6, karibu kila siku, tunayaita urtikaria sugu. Katika hali hiyo ni nadra sana chakula kuwa chanzo. Aleji halisi ya chakula haijifichi: unakula, ndani ya dakika chache au saa 2 hivi unavimba, na siku ukikila tena unavimba tena. Mabaka yanayotoka leo saa 10 alfajiri, kesho mchana, keshokutwa yasitoke kabisa huku wewe unakula vilevile, hayahusiani na sahani yako.

Ndani ya ngozi kuna seli ziitwazo seli za masti, zimesheheni kemikali iitwayo histamini. Zikichokozwa zinaimwaga, mishipa midogo ya damu inavujisha majimaji, ngozi inaumuka na mwasho unaanza. Kwa wagonjwa wengi mchokozi ni kinga ya mwili wenyewe, inayotengeneza kingamwili dhidi ya mwili badala ya vijidudu. Ndiyo maana tunakuta baadhi yao pia wana matatizo ya thairoidi, tezi ya shingoni, yatokanayo na kinga hiyohiyo. Wanawake huugua karibu maradufu ya wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Utambuzi wake kwa sehemu kubwa ni maongezi. Shida ni kwamba siku ya miadi ngozi huwa safi kabisa, basi nawaomba wagonjwa wapige picha kwa simu, kwenye mwanga mzuri, kwa ubavu kidogo ili uvimbe uonekane. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosimuliwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Unachoona ni mwinuko wenye rangi ya ngozi yenyewe. Jambo la pili wanalolifanya nyumbani: wachukue kalamu, wachore duara kuzunguka baka moja, waandike saa. Baka la urtikaria huondoka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, hata kama mengine yanaota pembeni. Likibaki palepale siku 2, likiuma kuliko kuwasha, likiacha weusi kama wa jeraha la kugongwa, nawaza uvimbe wa mishipa ya damu, na hapo nakata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara.

Zipo pia aina zinazoamshwa na kitu maalumu. Nikipitisha kijiti mgongoni kwa nguvu kidogo, kwa wengine mstari unainuka ndani ya dakika 10, unaweza kuusoma kama maandishi. Wengine huvimba kwa baridi, na hao nawaonya wasijitose baharini peke yao, maana mwili mzima ukipoa ghafla presha inaweza kushuka wakazimia majini. Wengine ni jasho, wengine mkanda wa suruali au kamba ya mkoba.

Vipimo vya damu ninavyoagiza ni vichache: picha kamili ya damu, kipimo cha uchochezi, na pengine kingamwili za thairoidi. Vile vifurushi vya gharama vinavyopima aleji ya vyakula kwa makumi, kwa ugonjwa huu ni kutupa pesa tu.

Dawa nazichungulia zote, hata za dukani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzidisha mabaka kwa baadhi ya watu. Na mtu akivimba midomo au ulimi tu, bila baka hata moja, namuuliza kuhusu dawa ya presha: kaptoprili, enalaprili na lisinoprili zinaweza kufanya hivyo hata baada ya miaka ya kuzitumia. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali papo hapo, usiku huohuo.

Tiba inaanza na vidonge vya kuzuia histamini visivyolewesha: setirizini, loratadini, feksofenadini. Vinanywewa kila siku, mabaka yawepo yasiwepo. Wengi wanasema "nilishatumia, hazikunisaidia", kumbe walimeza kimoja wakishavimba, histamini imeshamwagika. Ikiwa kimoja kwa siku hakitoshi baada ya wiki 2 hadi 4, daktari anaweza kupandisha hadi mara 4 ya dozi ya kawaida. Usijipandishie mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito au una tatizo la figo. Piriton siipendi kwa kazi hii, inalaza mtu na kesho yake anaendesha bodaboda akiwa bado mzito.

Kinachonikera zaidi ni steroidi za kila mwezi, yaani sindano za dexa na vidonge vya prednisoloni. Zinatuliza haraka, ndiyo maana zinapendwa. Ila mabaka hurudi, na mgonjwa anabaki na sukari, presha, mifupa dhaifu na uso uliovimba. Mimi nazitoa kwa siku chache tu, mabaka yakichachamaa kupita kiasi.

Vidonge vikishindwa kuna omalizumabu, sindano ya miligramu 300 kila wiki 4, iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu Marekani na Ulaya mwaka 2014. Inafanya kazi vizuri sana, bei yake ndiyo haishikiki. Kwa asiyeimudu tunafikiria siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, tukimfuatilia figo na presha kwa karibu.

Kwa wengi ugonjwa hupoa wenyewe ndani ya mwaka 1 hadi 5, japo wapo wanaokaa nao zaidi. Kwa hiyo ngozi ikishatulia kwa miezi kadhaa tunapunguza dozi hatua kwa hatua, na mabaka yakirudi tunapanda tena hatua moja, tunasubiri, kisha tunajaribu upya.