Mwanao akitoka jela, usiseme amepona unga

"Daktari, mwanangu karudi," aliniambia mama mmoja wa Jang'ombe, hapa mjini Zanzibar, uso umemkunjuka. "Miezi minane kakaa ndani. Kanenepa, anasali, unga umemtoka." Nilifurahi naye, kisha nikamwambia jambo ambalo hakulitaraji: "Mama, wiki hizi mbili ndizo za kumwangalia kuliko zote."

Mwili wa mtu anayekula unga, yaani heroini, huuzoea. Kilichomlevya mwanzo hakimtoshi tena, kwa hiyo anaongeza. Akikaa miezi bila ya kutumia, mazoea yale yanashuka, lakini uchu haushuki. Siku anayorudi maskani anajipimia kipimo chake cha zamani, na mwili wa leo hauwezi tena kukihimili. Anakoroma kama aliyelala fofofo, pumzi zinapungua, midomo inapiga weusi, halafu kimya. Tafiti za nchi nyingi zinaonesha jambo hilo hilo: siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani ndizo zenye hatari kubwa ya kufa kwa kuzidisha dawa.

Naanza na hili kwa sababu mjadala wa barazani kwetu umekwama kwenye kauli mbili. Wa kwanza wanasema wanaokula unga wafungwe, tena kifungo kirefu. Wa pili, hasa vijana wanaofuatilia mambo ya nje, wanasema marufuku yenyewe ya dawa za kulevya iondolewe, kwani imeshindwa dunia nzima. Nawasikia wote wawili, na nadhani wote wanamruka mgonjwa.

Kwetu Zanzibar jela inaitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa anaitwa mwanafunzi. Nalipenda jina hilo, linakiri kwamba mtu anaingia ili atoke mwengine. Lakini anayekula unga huingia na arosto yake, mateso ya kukosa dawa: makamasi na machozi, tumbo kuharisha, mifupa kama inatwangwa, jasho na baridi kwa wakati mmoja, siku ya pili na ya tatu zikiwa kali zaidi. Mtu aliyemo ndani ya hali hiyo hahesabu miaka iliyoandikwa kwenye sheria. Anahesabu saa. Nguvu ya unga haimalizi siku, ndiyo maana asubuhi anauza viatu vyake na jioni anarudi kuuza vya dada yake.

Wamarekani walijaribu ukali kwa gramu. Sheria yao ya 1986 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa gramu 5 tu za kokeini ya mawe, wakati kokeini ya unga ilibidi ifike gramu 500 kwa adhabu hiyo hiyo. Magereza yalijaa, weusi wakaumia kuliko wote, na dawa hazikuisha mitaani. Mwaka 2010 wakapunguza tofauti ile. Tanzania Bara, sheria inatoa kifungo cha maisha kwa anayesafirisha gramu 200 au zaidi za heroini. Kwa mfanyabiashara anayepitisha mzigo baharini kutoka upande wa Asia, mimi sina la kumtetea. Shida inakuja wavu wa sheria unaporudi na dagaa tupu. Wengi niliowahudumia waliwahi kuuza kete, vile vifurushi vidogo vya unga, nao waliziuza ili wapate ya kwao.

Kwa wanaotaka kuruhusu, naomba tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuhalalisha biashara ni jambo moja, na kumwondolea mtumiaji kosa la jinai ni jengine. Ureno hawakuhalalisha unga. Tangu Julai 2001, anayekutwa na kiasi cha matumizi yake kisichozidi siku 10 hapelekwi mahakama ya jinai. Anakwenda mbele ya tume ndogo ya watu watatu, na wao wanamwelekeza kwenye tiba. Muuzaji bado anafungwa. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaotumia dawa yakashuka sana, kwa sababu tiba iliongezwa pamoja na sheria. Jimbo la Oregon, Marekani, liliondoa adhabu mwaka 2021 huku huduma zikisuasua, na 2024 likairejesha. Anayenukuu Ureno barazani aitaje na Oregon.

Hapa kwetu hoja ya tiba si ya kuazima. Mwaka 2012 kiasi cha watu 11 katika kila 100 wanaojidunga sindano Zanzibar walikuwa na VVU, wakati katika jamii nzima hawafiki hata 1 katika 100. Tangu 2015 methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, inatolewa katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ukisimama karibu na dirisha la dawa utaona kazi isiyo na makeke: nesi anapima, mtu anakunywa mbele yake kikombe kidogo cha plastiki, anateremshia na maji. Kisha nesi anamuuliza, "Haya, watoto hawajambo?" Sharti ajibu, maana mwenye dawa mdomoni hawezi kusema. Kesho tena, saa ile ile. Dawa hiyo inamshikilia siku nzima bila ya arosto, na mtu asiye na arosto anaweza kwenda kibaruani.

Yule kijana wa Jang'ombe aliletwa na mama yake siku ya nne. Mpaka leo anakunywa dirishani.

Ukimkuta mtu amezidisha na haamki, mlaze ubavu, mwite kwa jina, mkimbize hospitali na useme kweli alichokula. Ipo dawa iitwayo naloksoni, inamrudishia pumzi kwa dakika chache. Lakini nguvu yake huweza kwisha kabla ya ile ya unga, kwa hiyo akizinduka msimrudishe nyumbani haraka. Ninalolilia ni wale wanaoachwa vichochoroni, kwa sababu wenzao walikimbia kwa kuhofia polisi. Sheria yetu ya 2021 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar na kuipa meno. Ningependa iandikwe wazi pia, na masheha waitangaze kila shehia, kwamba anayemleta mwenzake hospitali hakamatwi kwa kete iliyomo mfukoni mwake.