Ndege wa kuokotwa: shomoro, mbayuwayu na mageuko yanayotokea machoni petu

Mgeni akifunguliwa kabati la ndege katika makumbusho hutarajia kuona tai. Anapokuta droo nzima ya shomoro, wamelazwa chali mmoja ubavuni mwa mwingine, kila mmoja na kikaratasi mguuni, huuliza swali ambalo nimeshalizoea: hawa wote wa nini? Kwani shomoro si ni shomoro tu?

Nalipenda swali hilo, na nikilijibu huanzia mbali, Amerika Kaskazini. Huko ndege wa kawaida kabisa, wa uani, wa chini ya daraja na wa kwenye nyaya za umeme, wamepimwa kwa subira kwa zaidi ya miaka 100. Maelfu ya waliopimwa waliokotwa wakiwa wamekufa. Na ndege hao wa kuokotwa ndio waliotuonyesha kwamba mageuko ya viumbe, ambayo wengi wetu tulifundishwa kama habari za mifupa ya kale, yanaweza kuonekana ndani ya umri wa mtu mmoja.

Tarehe 1 Februari 1898 dhoruba ya theluji na mvua ya barafu iliupiga mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Shomoro walianguka ovyo, wamekakamaa kwa baridi. Ndege 136 waliookotwa walipelekwa kwa Hermon Bumpus, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Brown. Kati yao 72 walizinduka, 64 hawakuamka tena. Bumpus aliwapima wote, waliopona na waliokufa: urefu wa mwili, upana wa mabawa yakikunjuliwa, uzito, kichwa, mifupa ya bawa na ya mguu, kidari. Mwaka 1899 alichapisha matokeo pamoja na takwimu za kila ndege, na kwa ukarimu huo watafiti wa vizazi vilivyofuata wamezichambua upya mara nyingi. Aliloliona ni kwamba waliopotoka mbali na wastani, wakubwa mno au wadogo mno, walikufa zaidi; chambuzi za baadaye zimeonyesha kuwa hilo lilikuwa kweli hasa kwa majike.

Huo ndio uteuzi asilia. Dhoruba haina nia wala haimjui shomoro yeyote, lakini imeondoa hawa na kuwaacha wale, na walioachwa ndio watakaozaa. Kama umbo lao hurithiwa, vifaranga wa mwaka unaofuata hawatafanana kabisa na wa mwaka uliopita.

Shomoro hao hawakuwa wenyeji. Waliletwa Brooklyn, ambayo leo ni sehemu ya jiji la New York, kutoka Uingereza mwaka 1851 na 1852, kwa matumaini kwamba wangekula viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya miti ya mjini. Wakajikuta katika miji iliyojaa farasi, na palipo na farasi pana nafaka iliyomwagika. Wakazaana, wakaenea hadi pwani ya Pasifiki. Mwaka 1964 wanabiolojia Richard Johnston na Robert Selander walitoa ripoti ya shomoro waliokusanywa sehemu nyingi za bara hilo. Wa kaskazini kwenye baridi kali walikuwa na miili mikubwa zaidi. Wa majangwa ya kusini-magharibi walikuwa wamepauka. Wa pwani yenye mvua ya kaskazini-magharibi walikuwa na rangi iliyokolea. Sababu ya ukubwa ni rahisi kuielewa ukikumbuka kwamba birika la chai hukaa na moto kuliko kikombe: mwili mkubwa hupoteza joto polepole. Kilichowashangaza wataalamu ni muda. Wengi waliamini tofauti za namna hiyo huhitaji maelfu ya miaka kujijenga, na hapa zilikuwa zimejijenga kwa takriban karne moja.

Spishi hiyohiyo ndiyo unayoiona Mombasa ikidonoa makombo chini ya meza za mkahawa, nayo ilifika kwetu kwa mkono wa binadamu. Natamani sana siku moja wa kwetu wapimwe kwa subira kama ile.

Chini ya madaraja ya Nebraska

Kama ningeruhusiwa kusimulia kisa kimoja tu, ningechagua cha mbayuwayu wa majabali. Si yule mwenye mkia wa uma anayekuja Afrika Mashariki wakati wa vuli kutoka Ulaya na Asia. Huyu ni ndugu yake, mwenye mkia wa mraba na paji jeupe la uso, ambaye hupita kipindi cha baridi Amerika Kusini na kurudi kaskazini kuzaa. Zamani alijenga kwenye kuta za majabali. Barabara zilipotengenezwa, akagundua kwamba daraja la zege na kalavati ni majabali pia. Kiota chake ni cha udongo, chenye umbo la kibuyu, na hujengwa kwa takriban madonge elfu moja ya tope, yote yamebebwa mdomoni.

Watafiti Charles Brown na Mary Bomberger Brown walianza kuwachunguza kusini-magharibi mwa Nebraska, jimbo la Marekani, mwaka 1982, wakaendelea kwa zaidi ya miaka 30. Mbayuwayu hao huishi makundi kwa makundi, mengine ya viota kadhaa na mengine ya maelfu, ukuta kwa ukuta. Ujirani huo una faida kubwa. Wadudu wanaorukaruka hewani huhamahama, leo wako juu ya mto na kesho juu ya shamba, na ndege aliyekosa humtazama jirani anayerudi na mdomo umejaa, kisha humfuata anapotoka tena. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi atalielewa hilo bila maelezo: jirani mmoja akijua duka lenye unga wa bei nafuu, kesho mko wote foleni. Gharama nazo zipo. Kunguni wa viota huwanyonya makinda damu, na kundi likiwa kubwa kunguni huwa wengi zaidi. Tena kuna majike wanaotaga katika kiota cha mwenzao, na wengine hulibeba yai lao mdomoni na kulihamishia kwa jirani ili kinda alelewe huko. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nililirudia mara tatu, maana sikuamini kwamba mdomo mdogo vile ungeweza.

Lakini kilichowafanya wajulikane duniani ni barabara. Katika kwenda na kurudi kati ya madaraja, wawili hao walisimamisha gari kila walipoona mbayuwayu aliyegongwa, wakamchukua na kumhifadhi. Walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni, katikati ya miaka ya 1980, walikuwa wakiokota kama 20 kwa msimu. Mwishoni walipata chini ya watano, ilhali idadi ya mbayuwayu wa eneo hilo ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu, na magari hayakupungua.

Wakapima mabawa. Ndege waliogongwa walikuwa na mabawa marefu kuliko wenzao waliobaki hai. Na katika ndege walio hai, urefu wa bawa ulikuwa ukipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Bawa refu hufaa kwa mwendo wa moja kwa moja. Bawa fupi humwezesha ndege kupaa wima na kukata kona kwa haraka. Mbayuwayu hawa hupenda kutua juu ya lami, na lori linapokuja, milimita chache za bawa zinaweza kuamua nani ataondoka kwa wakati.

Naomba nisieleweke vibaya: watafiti hao hawakusema magari ndiyo sababu pekee. Mwezi Mei 1996 baridi ya siku kadhaa iliwafanya wadudu wa hewani waadimike, na karibu nusu ya mbayuwayu wa eneo hilo wakafa kwa njaa. Nayo iliacha alama katika maumbo ya waliopona, kama ile dhoruba ya Providence. Mabadiliko ya kweli katika viumbe mara nyingi huwa na sababu kadhaa zinazosukumana. Ila bila mizoga ile ya kando ya barabara, hata swali lenyewe lisingeulizwa.

Kuna mambo ambayo droo haiwezi kuyatunza, na sauti ni mojawapo. Chikadii ni ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na uzito wa gramu 11 hivi, anayekaa Amerika Kaskazini hata wakati wa theluji. Usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili asimalize mafuta aliyoyala mchana, na huficha mbegu maelfu moja moja, kisha hukumbuka alikozificha. Jina lake linaiga mlio wake, “chika-di-di-di”, kama sisi tunavyosema dudumizi. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba idadi ya zile “di” ina maana. Akiona bundi mkubwa ambaye ni mzito mno kumkimbiza chikadii vichakani, huongeza chache tu. Akiona bundi mdogo mwepesi, ambaye ndiye mwuaji wake hasa, huongeza nyingi, na ndege wa spishi nyingine walio karibu husikiliza na kuchukua tahadhari.

Kisha kuna shomoro-pori mwenye koo jeupe, wa misitu ya Kanada. Wimbo wake wa kale humalizika kwa sauti tatu-tatu. Upande wa magharibi ya milima ya Rocky ukazuka mtindo wa kumaliza kwa mbili-mbili, na ndani ya miaka 20 hivi mtindo huo ukasafiri zaidi ya kilomita 3,000 kuelekea mashariki, ukiufuta ule wa zamani. Madume wachanga huusikia kwenye maeneo ya kupitia kipindi cha baridi, wanakokutana ndege wa mashariki na wa magharibi, kisha hurudi nao kwao. Hapa hakuna jeni iliyochaguliwa. Ndege wamejifunza kwa ndege wenzao. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa si kila badiliko unaloliona kwa mnyama ni mageuko ya kurithi, na mtu anayefundisha watoto sayansi ni vizuri aitenganishe mito hii miwili tangu mwanzo.

Ugonjwa nao huchagua. Mwaka 1940 wafanyabiashara wa New York waliokuwa wakiuza kinyume cha sheria chiriku wekundu wa magharibi mwa Marekani waliwaachia huru, na wajukuu wa ndege hao wakalijaza eneo lote la mashariki. Mwaka 1994 ikagundulika kwamba bakteria wa kuku amewaingia: macho yanavimba, yanafunga, ndege anakufa kwa njaa akiwa kando ya chakula. Walikufa wengi mno. Miaka 12 baadaye majaribio yalionyesha kuwa ndege wa maeneo yaliyopigwa na ugonjwa walikuwa na kinga bora kuliko wa maeneo ambayo haukufika. Wewe msomaji unayeishi huko na kuweka mbegu za ndege dirishani, osha chombo hicho mara kwa mara kwa kipimo kimoja cha dawa ya klorini na vipimo tisa vya maji, ukisuuze na kukikausha. Ukiona ndege mwenye macho yaliyovimba, kiondoe chombo kwa muda.

Vioo vya Chicago

Mwaka 1978 David Willard, wa makumbusho ya Field mjini Chicago, alisikia kwamba ndege hugonga vioo vya McCormick Place, jengo kubwa la mikutano kando ya Ziwa Michigan. Akaenda asubuhi kuangalia, akapata wachache. Akarudi kesho yake. Aliendelea hivyo misimu yote ya ndege wahamaji, akipima kila mzoga kwa mkono wake. Kati ya ndege waliopimwa mpaka mwaka 2016, waliochambuliwa walikuwa 70,716, wa spishi 52. Wenzake walipozichambua takwimu hizo walikuta kwamba mfupa wa mguu, ambao hutumika kukadiria ukubwa wa mwili, ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 2, wakati majira ya joto yalikuwa yakizidi kuwa na joto. Mabawa, kinyume chake, yalikuwa yamerefuka kwa zaidi ya asilimia 1, pengine ili mwili mdogo uweze kumaliza safari ileile. Ni kama birika na kikombe tena, safari hii kwa upande wa pili.

Haikuwa lazima elimu hiyo iendelee kulipwa kwa maisha ya ndege. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023 karibu ndege elfu moja walikufa kwenye jengo hilo moja. Ndege haoni kioo. Mchana huona mti ulioakisiwa ndani yake, na usiku taa za ndani humvuta. Mwaka 2024 vioo hivyo viliwekewa nukta ndogo, na vifo vikashuka sana. Nyumbani kwako nukta au mistari iliyoachana sentimita 5, upande wa nje wa kioo, hufanya kazi hiyohiyo. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii, kwa sababu ndege hupita pembeni yake.

Kwa walioko Minneapolis, Columbus au kwingineko Marekani, jueni pia kwamba sheria ya mwaka 1918 inakataza kuweka nyumbani karibu ndege yeyote wa asili wa huko, hata akiwa mfu, hata manyoya yake, bila kibali. Ukimkuta aliyekufa chini ya dirisha, piga picha, andika tarehe, saa, mahali na upande wa jengo, kisha uwasiliane na makumbusho ya karibu au wanaojitolea kuokota ndege mjini kwenu. Ukimkuta hai ila amezubaa, mweke taratibu ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, ulifunge na kuliweka penye giza na utulivu, bila maji wala chakula. Baada ya saa moja hivi lipeleke nje, mbali na vioo, ufungue, urudi nyuma hatua chache. Akishindwa kuruka, mtafutie wahudumu wa wanyamapori wenye kibali.